Sura ya Tano: Mguu wa Kushoto

Ukitaka kuona gari likipiga chafya, toka asubuhi na mapema ufuate vijia vya mchanga vinavyoteremka kutoka barabara kuu ya Rumonge kwenda ziwani. Wavuvi wamesharudi, ndagala zimeanikwa, jua halijaanza kuchoma. Corolla kuukuu yenye kibao cha kujifunzia juu ya paa inanguruma, inatikisika mara mbili, inaruka mbele kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto, kisha inazimika. Watoto waliokaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa wanashangilia. Ndani ya gari mwalimu anarudia maneno yaleyale ambayo na yeye aliambiwa enzi zake: "Kanyaga ambureyaji, tia vitesi, achia polepole." Ambureyaji ni klachi, vitesi ni gia. Mwanafunzi anakanyaga, anatia, anaachia polepole, na gari linapiga chafya nyingine.

Nami nimewahi kuwa kichekesho cha watoto hao. Sikuwa mkaidi wala mwoga. Tatizo langu ni kwamba sikujua ninachokiachia ni nini. Polepole kutoka wapi hadi wapi? Ipi ni polepole ya kutosha? Mguu wangu ulikuwa juu ya kitu nisichokiona, na mwalimu wangu alikijua kwa unyayo tu, maneno ya kukieleza hana. Dereva aliyeendesha kwa miaka 20 ni mwalimu mgumu kwa sababu hiyohiyo: mguu wake umeshajua mengi kiasi kwamba kichwa kimesahau. Kwa hiyo sura hii haianzii kwenye kiti cha dereva. Tulale chali kwanza, tutazame chini ya sakafu ya gari.

Mtu akisimama anaweza kuanza kutembea. Punda vilevile. Injini ya petroli au dizeli haiwezi. Inaweza kupandisha Fuso lenye shehena ya mawese hadi milimani, lakini ikiwa imesimama haina nguvu hata ya kumsukuma kuku. Nguvu zake zinatokana na mwako, na mwako unataka pistoni ziwe tayari zinakwenda. Zikipunguza mwendo kupita kiasi, injini inakata roho. Ndiyo maana hata gari likiwa limetulia mbele ya duka, injini inaendelea kujizungusha yenyewe, kama mara 750 kwa dakika katika gari dogo. Mafundi wa huku kwetu wanaiita ralanti. Wa Tanzania wanaiita sailensa.

Magurudumu nayo yamesimama. Sifuri. Sasa una kitu kimoja kinachozunguka mara 750 na kingine kisichozunguka kabisa, na unatakiwa uviunganishe bila kukiua cha kwanza wala kukivunja cha pili. Hilo ndilo fumbo lote la klachi.

Fumbo lenyewe ni dogo kuliko linavyoonekana. Tuchukue gari dogo la kawaida. Gia ya kwanza inapunguza mizunguko ya injini kwa takriban mara 3.5, kisha meno ya difu yanaipunguza tena kwa takriban mara 4. Zidisha, unapata 14: injini izunguke mara 14 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Injini ikiwa kwenye ralanti, gurudumu litazunguka kama mara 53 kwa dakika. Mzunguko mmoja wa tairi unakula karibu mita 1.8 za barabara. Piga hesabu hadi mwisho utakuta gari linakwenda karibu kilomita 6 kwa saa, mwendo wa mama anayewahi soko na beseni kichwani.

Soma hesabu hiyo tena, maana mimi iliponiingia ndipo nilipoacha kuogopa. Kazi ngumu ya klachi iko kati ya sifuri na kilomita 6 kwa saa, basi. Gari likishafika mwendo wa huyo mama, injini na magurudumu vinakwenda sambamba na klachi haina tena cha kusuluhisha. Yale maneno "achia polepole" yanahusu sekunde 2 au 3 tu, yaani muda wa gari kutoka kusimama hadi mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka.

Je, vitu viwili vyenye mwendo tofauti vinaunganishwaje? Jibu liko kwenye barabara ya RN1, ile inayotoka Bujumbura kupanda kuelekea Bugarama. Huko vijana wa baiskeli walioteremsha mizigo mjini hurudi milimani kwa kujishikiza nyuma ya malori. Ni mchezo wa hatari, umeshaua watu, na simshauri mtoto wa mtu. Ila utazame mkono. Kijana mzoefu hasubiri lori akiwa amesimama tuli. Anakanyaga pedali kwanza, anajiongezea mwendo, lori likimfikia anaugusa ubao, kiganja kinateleza kidogo, anavutwa kidogo, kisha vidole vinakaza. Yule mgeni wa mchezo anasimama kando, anadaka ubao kwa nguvu zake zote mara moja, na hapo ama mkono utoke begani ama aachie aanguke.

Lori ni injini, baiskeli ni gari lako, kiganja ni klachi. Mfano una kasoro moja: lori halizimiki kwa ajili ya kijana mmoja, bali injini yako ukiitwika gari zima kwa ghafla huzimika. Lakini ule mtelezo wa kiganja kabla ya vidole kukaza, huo ndio wenyewe.

Sasa tutaje vyuma. Nyuma ya injini kumefungwa gurudumu zito la chuma ambalo uso wake umelainishwa. Mafundi wa Dar es Salaam wanaliita flaiwili. Huku Burundi, kwa kuwa ufundi wetu umepita katika Kifaransa, wanaliita volani, jina lilelile la usukani, na nimeshuhudia mwanagenzi akitumwa volani akarudi na usukani. Baada ya volani kuna diski, sahani yenye upana wa sentimita 20 hivi na unene wa milimita 8 ikiwa mpya, iliyobandikwa pande zote mbili nyenzo ngumu ya msuguano ya jamaa moja na ile ya breki. Diski haikufungwa kwenye injini. Imevaa mhimili wenye meno unaoingia kwenye sanduku la gia, kwa hiyo diski ikizunguka, gia zinazunguka. Baada ya diski inakuja plato, bamba la chuma lenye springi pana iliyochanwa vidole kuelekea katikati. Springi hiyo inaibana diski kwenye volani kwa nguvu ya uzito wa kilo mia kadhaa, mchana na usiku, hata wewe ukiwa umelala nyumbani. Na mwisho kuna bute, beringi inayosukuma vile vidole vya springi unapokanyaga pedali, ili plato ilegee na diski ibaki huru.

Diski, plato, bute. Ukienda dukani kununua, mara nyingi vitatu hivi vinauzwa pamoja katika boksi moja.

Hapa ndipo mwanafunzi anapodanganywa na pedali. Pedali zote nyingine ukizikanyaga zinafanya kazi: mafuta yanaongezeka, breki zinakamata. Hii ya kushoto ukiikanyaga inaacha kazi. Kushika ndiyo hali ya klachi ya kuzaliwa, na mguu wako unakuja kuitenganisha kwa muda. Jina la Kiingereza ambalo Kiswahili kimelichukua lina maana ya kudaka na kung'ang'ania, na jina la Kifaransa linasema hivyohivyo kwa namna yake; hakuna kati yao linalotaja kuachia. Kwa hiyo mwalimu akisema "achia polepole", wewe sikia "shikisha polepole". Mguu wako unaachia pedali, lakini huko chini springi inashika diski. Maneno mawili yanayopingana kwa tendo moja, halafu tunashangaa watu wanachanganyikiwa.

Mwanzoni kabisa mambo hayakuwa hivi. Gari la magurudumu matatu ambalo Karl Benz alilipatia hataza mwaka 1886 lilitumia mkanda wa ngozi. Dereva aliusogeza mkanda kutoka kwenye puli iliyolegea kwenda kwenye puli iliyokazwa, na ulipokuwa unahama uliteleza kidogo, gari likaondoka. Vyuma vimebadilika, mtelezo uko palepale.

Turudi kwenye kiti sasa. Kivute karibu kiasi kwamba ukikanyaga pedali ya kushoto hadi mwisho, goti bado limekunjika kidogo. Watu wafupi wanaoazima gari la mtu mrefu hufeli kwa sababu hii tu, wakajilaumu bure. Kisigino kiwe kimegusa sakafu au karibu nayo, ili mguu upandishwe kwa kifundo, si kwa paja. Paja ni msuli wa kubebea bidoni za mawese. Kazi ya milimita haliiwezi.

Tafuta mahali tambarare na pakavu, si kwenye mchanga mlegevu. Washa gari, kanyaga klachi yote, tia gia ya kwanza, toa breki ya mkono. Mguu wa kulia uweke sakafuni, mbali na mafuta. Halafu inua mguu wa kushoto kama mtu anayehesabu hela za mwenzake. Sehemu ya kwanza ya safari ya pedali haina kitu, ni hewa tupu. Kisha utasikia sauti ya injini ikishuka kidogo, kama mtu aliyetwishwa mzigo kichwani akaguna. Mtetemo utapita kwenye sakafu na kwenye kiti, pua ya gari itainuka kidogo. Hapo diski imegusa volani. Simama hapohapo. Usiinue, usikanyage. Hesabu moja, mbili, tatu. Gari litaondoka lenyewe, bila tone la ziada la mafuta, litembee mwendo wa yule mama wa beseni. Likishatembea, ndipo umalizie kuinua mguu.

Kosa la wengi liko kwenye ule muda wa kusimama. Wanainua vizuri, wanafika pale pa kugusa, gari linaanza kusogea, wanafurahi, na furaha inaondoa mguu wote kwa mpigo. Yule mbuzi wa kaa la moto ndiye huyo: diski iliyokuwa ikiteleza kwa adabu inabanwa ghafla, injini inashuka mwendo, gari linatupwa mbele, injini inapata nafuu inavuta tena, inakosa nguvu tena. Katikati ya diski kuna springi fupifupi zilizowekwa kumeza misukosuko midogo, lakini haziwezi kumeza huo.

Fanya zoezi hilo mara 20 kabla ya kugusa mafuta. Walimu wengi hawana subira nalo, hasa siku hizi ambapo kila dakika ya injini inahesabiwa. Tangu uhaba wa mafuta ulipoanza kutukaba mnamo 2021, na ukakaza zaidi kuanzia 2024, mwanafunzi anafundishwa kwa haraka: anaambiwa akanyage mafuta mengi ili gari lisizimike na somo lisipotee. Gari kweli halizimiki. Lakini angalia kinachotokea chini.

Diski inapoteleza inazaa joto, na joto hilo lina kanuni yake. Ukiondoka kwenye tambarare kwa ralanti, unahitaji kuteleza hadi kilomita 6 kwa saa. Ukishikilia injini kwenye mizunguko 3,000, mara 4 ya ralanti, diski itateleza hadi gari lifike kilomita 24 kwa saa. Nishati ya mwendo inakua kwa mraba wa mwendo, na joto linaloachwa kwenye klachi ni sawa na nishati hiyohiyo. Kwa hiyo mara 4 ya mizunguko ni mara 16 ya joto, kwa kuondoka mara moja tu. Anayeondokea gia ya pili kwa uvivu, hata kwa mizunguko ileile, anaacha zaidi ya mara 3 ya joto la anayeondokea gia ya kwanza. Na nyenzo ya msuguano inayoruhusiwa kulika kila upande wa diski haifiki milimita 2.

Ndiyo maana nasema, kinyume na wanavyosema wengi: kwa mwanafunzi, kuzimisha gari ni afadhali. Aibu yake inapita pale watoto wanapomaliza kucheka. Injini ikizimika, diski haikupata muda wa kuungua.

Barabara yetu, RN3, imetuhurumia kwa sehemu kubwa. Kutoka Bujumbura hadi Rumonge, kama kilomita 75, inafuata ziwa, na ziwa halina mlima. Lakini milima ya Burundi haiko mbali na maji. Kati ya Gitaza na Minago kuna mahali barabara imebanwa baina ya mwamba na mawimbi, na kipande cha kilomita 45 kutoka Rumonge hadi Gitaza ndicho kilichoingizwa kwenye mradi wa ukarabati ambao Benki ya Maendeleo ya Afrika iliuidhinisha mwaka 2018, sambamba na kilomita 260 za Kabingo, Kasulu na Manyovu upande wa Tanzania. Kila penye ujenzi pana kijana mwenye kibendera, na kila penye kibendera pana foleni inayosimama, kusogea mita 3, kusimama. Ukitaka mlima halisi, shika njia ya kutoka Rumonge kwenda Bururi, upandishwe kama mita 1,000 juu ya ziwa.

Kwenye mlima ndiko klachi hufia, na mara nyingi huuawa na dereva mzoefu, si mwanafunzi. Amesimama nyuma ya lori kwenye mwinuko. Badala ya kuvuta breki ya mkono, anaiacha klachi ishike nusu, gari linaning'inia halisogei mbele wala nyuma, naye anaonyesha abiria umahiri wake. Nimejaribu kukadiria: gari la kilo 1,200 kwenye mwinuko wa mita 10 kwa kila mita 100, injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, linaitia diski joto la wati 2,600 hivi. Ni kama pasi mbili za umeme zilizowashwa kwa pamoja ndani ya kasha lililofungwa. Kwa Hiace iliyoshiba abiria na magunia juu ya paa, ongeza pasi nyingine. Baada ya dakika moja utasikia harufu, ile ya kucha au pembe iliyounguzwa, na abiria wa mbele atafunga dirisha akidhani inatoka nje.

Breki ya mkono ndiyo dawa, na haina aibu yoyote. Ivute, shikisha klachi hadi pua ya gari iinuke, ongeza mafuta kidogo kwa sababu mlima unadai zaidi ya ralanti, kisha iachie breki. Gari haliwezi kurudi nyuma, maana diski imeshaanza kubeba. Ukisimama muda mrefu, weka nyutro na uondoe mguu.

Kundi moja la wanafunzi lina tabu ya pekee, nalo linakua kila mwaka: vijana wa pikipiki za abiria. Kijana wa Boxer au TVS anajua klachi kwa vidole vya mkono wa kushoto kuliko unavyoijua wewe kwa mguu. Anaitelezesha kwenye foleni, kwenye tope, kwenye kona, kutwa nzima, na pikipiki haimwambii kitu. Anapoingia kwenye gari anafanya vilevile, na mwalimu anabaki kusema, "Wewe kaka, acha kuichezea hiyo ambureyaji!" bila kueleza kwa nini. Sababu ni hii. Klachi ya pikipiki ni fungu la sahani kadhaa nyembamba zinazoogelea ndani ya oili ya injini. Oili inabeba joto, sahani zinagawana mateso. Klachi ya gari la kawaida ni sahani moja, kavu, peke yake. Ikipata joto haina wa kumpa. Ujuzi wa vidole vya yule kijana ni mali, atatambua pale pa kugusa siku ya kwanza. Kinachotakiwa ni aache kukaa hapo.

Kubadilisha gia gari likiwa njiani ni rahisi na sitakuchelewesha. Tofauti ya mwendo ni ndogo, mtelezo ni mfupi, mguu unakwenda na kurudi haraka. Kitu kimoja tu: ukishabadilisha, mguu wa kushoto ukae sakafuni. Unyayo unaopumzika juu ya pedali, hata kwa uzito wa kandambili, unaisukuma bute dhidi ya springi safari nzima, na kubana kunapungua. Siku utakaposikia mluzi au mkwaruzo kila ukikanyaga klachi, na unakoma ukiachia, bute ndiyo inayolalamika.

Dalili ya diski iliyokwisha ni nyingine. Panda mwinuko kwa gia ya juu, ongeza mafuta. Injini ikipaza sauti na mwendo usiongezeke, diski inateleza. Inaweza kuwa imelika, inaweza kuwa imelowa oili iliyovuja kutoka nyuma ya injini. Fundi akifungua atajua. Akishafungua, mzuie asipulize lile vumbi jeusi kwa mdomo wala kwa pampu ya hewa. Nyenzo za zamani za klachi na breki zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo ikiingia kifuani haitoki, na magari yanayozunguka kwenye gereji zetu yana vipuri vya kila umri. Kitambaa kilicholowa maji kinatosha.

Uhaba wa mafuta umetufundisha ugonjwa ambao zamani tuliusikia kwa nadra. Gari linaegeshwa miezi kadhaa karibu na ziwa, unyevu unaingia, volani inashika kutu, na diski iliyobanwa juu yake mchana na usiku inagandana nayo. Siku petroli ikipatikana, mwenye gari anakanyaga klachi, pedali inashuka kama kawaida, lakini gia haiingii au inaingia kwa kelele. Anaita fundi wa gia. Gia hazina kosa. Wenye magari yaliyoguswa na maji pale ziwa lilipopanda mwaka 2024, kuanzia Gatumba hadi ufukwe wa Rumonge, wana sababu ya pili ya kuukumbuka ugonjwa huu. Kinga yake ni kuwasha gari mara mojamoja na kulisogeza, kwa mwenye mafuta ya kufanya hivyo.

Betri nazo hufa kwenye kusubiri huko, na hapo klachi inatumika kinyumenyume. Vijana 4 wanasukuma, wewe umekanyaga klachi na gia ya pili iko ndani. Gari likishika mwendo wa mtu anayekimbia unaachia, magurudumu yanaizungusha injini, inawaka. Kwa nini gia ya pili? Ile 14 ya gia ya kwanza sasa imegeuka kuwa adui: kila mzunguko wa gurudumu unadai mizunguko 14 ya injini, na tairi litakwama liteleze kuliko kuikubali. Gia ya pili inadai nusu yake tu au zaidi kidogo. Hapa pia mguu usitupwe. Achia, ikiwaka kanyaga mara moja, usije ukawaburuza waliokusaidia.

Msomaji wa Kigoma anayetaka kujifunza upande wetu, au wa Rumonge anayevuka mpaka wa Mugina kwenda Manyovu, ataniuliza habari ya kushoto na kulia. Burundi na Kongo tunapita kulia, Tanzania na Zambia wanapita kushoto. Ziwa ni moja, nchi nne, desturi mbili. Juu ya hayo, magari mengi yanayoingia Burundi ni ya usukani wa kulia. Usihofu kwa habari ya miguu. Usukani uwe upande wowote, klachi iko kushoto, breki katikati, mafuta kulia. Kinachohama ni mkono wa gia tu, na hata huko ramani ni ileile: gia ya kwanza iko kushoto mbele. Kwenye usukani wa kulia unaisukuma mbali nawe. Kwenye usukani wa kushoto unaivuta kwako.

Ukimaliza zoezi lako la kwanza pale ziwani na kuegesha, vuta breki ya mkono, zima injini, uliache gari kwenye gia ya kwanza. Klachi iliyoshika italisaidia lisiteremke majini. Kesho yake, kabla ya kugeuza ufunguo, kanyaga mguu wa kushoto. Ukisahau, gari litaruka mbele, na pale mbele mara nyingi pana mtumbwi wa mtu.